Wastani Usimhukumu Kijana wa Ujiji
Siku hizi jaribio la saikolojia huweza kufanyika mtandaoni: kijana wa Ujiji au Mwanga, mjini Kigoma, hufungua simu, akaona umbo limetokea, akaligusa, na programu ikaandika amechukua milisekunde ngapi. Tuseme amejibu mara tano: 310, 340, 355, 330, kisha 4,200 kwa kuwa mtoto alimwita. Jumlisha, gawa kwa 5, utapata 1,107, namba ambayo hakuikaribia hata mara moja. Panga majibu kwa ukubwa uchukue la katikati, yaani mediani, utapata 340, na hiyo ndiyo kasi yake. Wastani huficha mengi hata majini: Ziwa Tanganyika lenyewe lina kina cha wastani wa mita 570 hivi, ilhali penye kina kirefu kabisa ni karibu mita 1,470. Kwenye majaribio haya, mchambuzi makini huondoa kwanza majibu yaliyokosewa na yale ya haraka kupita uwezo wa binadamu, tena kwa kanuni aliyoiweka kabla ya kuona matokeo. Linaloniuma zaidi ni simu: ya bei nafuu huweza kuchelewa kusajili mguso, na ucheleweshaji huo ukaandikwa kwa jina la aliyeishika. Atakayelinganisha Kigoma na London bila kuuliza vifaa atadai vijana wetu ni wazito, kumbe kizito ni kioo. Watafiti, tuonyesheni mediani, kanuni zenu na aina za simu kabla hamjasema neno lolote kuhusu watu wetu.