Doa la Limau na Pumzi ya Fundi

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kaunta ya jikoni humwagwa papo hapo: saruji, mchanga, kokoto na nondo chache. Zege likishakauka huzuka swali la namna ya kuliziba, kwa maana lina vinyweleo vinavyonyonya mafuta na maji ya nyama, na asidi ya limau, siki au ukwaju huula uso wake. Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa jicho: king'aacho zaidi ndicho kinunuliwacho. Jibu hilo lina hatari yake, nayo yawahusu watu wa afya.

Vipako vya kuzibia zege ni vya namna mbili. Vya kwanza, kama silani na siloksani, hupenya ndani na kulifanya zege likatae maji, ila havizuii alama ya asidi. Vya pili hufanya utando juu yake. Akriliki hupakwa kwa urahisi, lakini hukwaruzika na kuharibiwa na sufuria ya moto. Epoksi huzuia madoa vizuri. Hata hivyo resini na kigumishaji chake, kabla havijakauka, vyaweza kuzusha ukurutu wa mzio mikononi. Poliurethani ya kuchanganya huvumilia mikwaruzo, lakini kigumishaji chake kina isosianati, kemikali ijulikanayo kwa kusababisha pumu ya kazini. Aliyekwisha kupata mzio huo, hata kiasi kidogo chaweza kumrudishia dalili.

Watetezi wa vipako hivyo vigumu husema kwamba vikishakauka barabara havimdhuru mlaji. Hoja hiyo ina ukweli, lakini humkumbuka mlaji na kumsahau mpakaji. Kaunta ya nyumbani hupakwa na kijana wa jirani, au na mama mwenyewe, katika chumba chenye dirisha moja, bila glavu, huku watoto wakipita. Doa la limau ni kasoro ya macho. Pumu yaweza kuwa ya maisha.

Kwa jiko la kawaida, basi, chaguo la busara ni kipako kipenyacho, kilichotengenezwa kwa maji, ambacho lebo yake yakiruhusu kutumika mahali pa kuandalia chakula. Zege liachwe kwanza likomae, kwa kawaida siku 28, au kama lebo ielekezavyo. Limau lipanguswe mara limwagikapo, na nyama ikatwe juu ya kibao kioshwacho. Vipako vigumu vibakie mahali penye haja ya kweli, mathalani meza ya maabara, mikononi mwa mafundi wenye mafunzo na vifaa vya kujikinga. Msasa nao upigwe kwa maji, kwani vumbi la zege lina silika, iletayo silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba ya kuuponya.

Mwaka 1700, tabibu Bernardino Ramazzini wa Italia aliwahimiza madaktari wamwulize mgonjwa kazi afanyayo. Swali hilo halijachakaa. Mwenye kikohozi kitulizwacho na siku za mapumziko, au viganja vilivyopasuka, aulizwe ni kitu gani amekuwa akichanganya. Naye mgonjwa asingoje kuulizwa. Aende zahanati na picha ya lebo ya kopo alilotumia.