Tumbo linalouma siku za shule tu

Mama mmoja wa Mbagala Charambe alinisimulia habari za binti yake wa darasa la saba. Kila Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri, sare tayari mwilini, binti anashika tumbo. Wakaenda zahanati: malaria hakuna, UTI hakuna, minyoo hakuna. Jumamosi tumbo limepona, anaruka kamba na wenzake hadi magharibi. "Nikamwambia, mwanangu acha uongo," alisema mama.

Mzazi mwenzangu, hakuwa muongo. Hofu huuma tumboni kwelikweli. Mtihani wa Septemba ulikuwa unakaribia, na kila aliyepita sebuleni alimkumbusha: shangazi, babu, hata fundi cherehani wa jirani.

Sisi wazazi, kuanzia Tandale hadi Tandika, tuna maneno mawili ya kumtuliza mtoto: "usiogope" na "nyamaza". Tunayasema kwa mapenzi. Lakini mtoto anayeambiwa asiogope anabaki na mizigo miwili, hofu yenyewe na aibu ya kuogopa. Hapo ndipo anapoanza kuificha, au kukwepa shule.

Ipo tiba ya kisaikolojia inayokwenda kinyume na hapo. Kwa Kiswahili chepesi tuiite tiba ya kukubali. Ilianzishwa Marekani miaka ya 1980 na mwanasaikolojia Steven Hayes, na baadaye ikaanza kutumika kwa watoto na vijana. Haimwahidi mtoto kwamba hofu itaondoka. Inamfundisha kuitambua bila kupigana nayo, kisha afanye lile lenye maana kwake ingawa hofu bado ipo.

Mshauri aliyeonana na binti yule alimuuliza hofu inakaa wapi mwilini, na ina ukubwa gani. Binti akasema ni kama jiwe. Kisha akafundishwa kubadili sentensi: badala ya "nitafeli", aseme "akili yangu inaniambia nitafeli". Linaonekana jambo dogo. Lakini ya kwanza ni hukumu; ya pili ni kama konda anayeita "Kariakoo, Kariakoo" wakati safari yako ni Posta. Unamsikia, hupandi.

Mama naye alipewa kazi. Jioni wanakaa kibarazani dakika tatu, mkono juu ya tumbo, wakifuata pumzi inavyoingia na kutoka, wakisikiliza pikipiki, adhana, sufuria za jirani. Mawazo yakikimbia wanayarudisha taratibu, bila kujilaumu. Fanyeni hivyo siku za utulivu. Ukisubiri asubuhi ya kilio, mtoto hatakusikia. Wapo wanaouliza kama hii si dini ya watu. Mizizi yake ni ya Kibudha, ni kweli, lakini Jon Kabat-Zinn alipoanza kuwafundisha wagonjwa huko Massachusetts mwaka 1979, aliyafanya kuwa mazoezi ya umakini tu, bila ibada. Mkristo na Mwislamu wote wanapumua.

Nchini Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, programu ya Shirika la Afya Duniani yenye msingi huu ilijaribiwa kwa wanawake wa Sudan Kusini: vipindi vitano, sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha msongo wao ulipungua. Nawataja akina mama hao kwa sababu mtoto husoma uso wa mama kabla hajasoma daftari.

Lakini si dawa ya kila kitu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2022, kwa wanafunzi zaidi ya 8,000, ulionyesha kuwa kuwafundisha vijana wa miaka 11 hadi 14 mazoezi ya umakini darasani hakukuleta nafuu kuliko masomo yao ya kawaida ya kujitambua. Wengi hawakuyafanya nyumbani. Ndiyo maana mimi naamini zaidi kibaraza cha mama kuliko somo jipya kwenye ratiba.

Na hapa tuelewane: kukubali hofu si kukubali kinachomtisha mtoto. Baada ya wiki mbili za kutonyamazishwa, binti yule alisema lililobaki. Mwalimu wa tuisheni alikuwa akiwachapa fimbo kwa kila jibu walilokosa. Hapo hakuna cha kupumua. Mama alimtoa tuisheni siku hiyohiyo. Tumbo bado linauma baadhi ya Jumatatu, lakini shule anakwenda.

Mtoto wako akikuambia anapigwa, anashikwa mwili au anatishwa njiani, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure. Akikosa usingizi au chakula kwa wiki kadhaa, nenda hospitali ya karibu uulizie huduma ya afya ya akili. Ikibidi mtaelekezwa Muhimbili. Akizungumzia kufa, usingoje wiki. Nenda naye siku hiyohiyo, na usimwache peke yake.