AFYA YA JAMAA: Mzee Akinyamaza, Tusiulaumu Umri Upesi

Askari mmoja ametuandikia kwamba alipokwenda likizo alimkuta mama yake, mwenye umri wa miaka 68, amebadilika. Mama aliyezoea kuamka alfajiri na kuchekesha wajukuu sasa hushinda ameketi, amejifunika blanketi na hali jua linawaka, wala hataki maongezi. Wengine nyumbani husema ni uzee. Wengine husema amemnunia mkwewe. Anauliza: je, huu si ugonjwa?

Ndugu askari, huenda ukawa ugonjwa, tena wenye dawa. Mbele ya shingo pana tezi ndogo iitwayo thairoidi, yenye umbo la kipepeo. Hutengeneza homoni ambayo huongoza mwendo wa kazi zote za mwili. Homoni hiyo ikipungua, mtu huona baridi na uchovu, hufunga choo, ngozi hukauka, sauti hukwaruza, mapigo ya moyo huwa ya polepole. Akili nayo huzembea: mtu husahau, huhuzunika, hukaa peke yake. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Homoni ikizidi, mzee huweza kukonda na moyo kumwenda mbio. Lakini wapo ambao hunyamaza tu vilevile.

Kwa hiyo dalili pekee hazitoshi. Mpeleke hospitali apimwe damu. Mwaka 1891, daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mama wa miaka 46 kwa maji ya tezi ya kondoo. Mama huyo aliishi mpaka mwaka 1919. Siku hizi kuna vidonge vya levothairoksini. Humezwa kila siku kwa maji matupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma visimezwe pamoja navyo. Vipishane kwa saa nne. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo huanzishwa kipimo kidogo, na damu hupimwa tena baada ya majuma sita hivi.

Lakini tuonye. Asiazime vidonge vya jirani, kwa maana vikizidi hudhuru moyo na mifupa. Tena, upungufu mdogo sana hauhitaji dawa kila mara: utafiti wa Ulaya uliotangazwa mwaka 2017, kwa wazee 737 wenye upungufu wa namna hiyo, haukuona kwamba vidonge viliwapunguzia uchovu. Chumvi yenye iodini ni kinga njema kwa jamaa yote, ila haiponyi tezi iliyokwisha kuharibika.

Damu ikionekana safi, msimwache. Huzuni yenyewe ni ugonjwa, na kufiwa au upweke huweza kuileta. Mwelezeni daktari hayo pia. Nawe, ndugu, kabla likizo haijakwisha, keti karibu na mama, umwulize anavyojisikia, na yule mkwe anayelaumiwa asikie jibu.