Alama za Sawa Zisimame Wima
Hatua za hesabu zikishuka ukurasani, kila alama ya sawa ikae chini ya mwenzake, msomaji asihangaike kuitafuta. Katika LaTeX kazi hiyo ni ya &, inayowekwa kabla tu ya =, na \\ ya kukata mstari. Basi. Ajabu ni kwamba bado wapo wanaong'ang'ania eqnarray, mazingira ya kizamani yanayoacha pengo pana mno pande zote mbili za =, na mlinganyo ukiwa mrefu huuacha uigonge namba yake mwenyewe! Mazingira ya align, kutoka kifurushi cha amsmath cha Chama cha Hisabati cha Marekani, hayana kasoro hizo. Donald Knuth alianza kubuni TeX, msingi wa LaTeX, mwaka 1977 baada ya kuchukizwa na kurasa za majaribio za kitabu chake. Tasnifu zetu zenye eqnarray zisimfikie, tafadhali.