Daktari Bingwa na Lugha ya Mgonjwa

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii humlaumu mgonjwa anayenyamaza. Je, tumlaumu nani pale mgonjwa anapoyaeleza maradhi yake kinaganaga, kwa lugha ya taifa, na daktari akaambulia nusu ya maana?

Swali hili linawahusu hasa madaktari wanaosomea ubingwa wa magonjwa ya ndani ya mwili, kama vile ya moyo, mapafu, ini na figo. Humu nchini, mafunzo hayo ya uzamili hutolewa na vyuo kadhaa, vikiwemo Chuo Kikuu cha Nairobi, kinachotumia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na Chuo Kikuu cha Moi, kinachotumia Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Mwanafunzi huyu tayari ni daktari, naye hujifunza akitibu: hupokea wagonjwa, hukesha zamu, kisha huwasilisha habari zao mbele ya wakufunzi wakipita wodini. Huwasilisha kwa Kiingereza habari ambazo aghalabu alisimuliwa kwa Kiswahili. Yeye ni mfasiri, ingawa hakusomea kufasiri.

Ikumbukwe kwamba bingwa wa aina hii hutegemea mno masimulizi. Mwaka 1975, J. R. Hampton na wenzake walichapisha nchini Uingereza utafiti kuhusu wagonjwa wapya 80 wa kliniki. Kwa wagonjwa 66, barua ya rufaa na maelezo ya mgonjwa mwenyewe yalitosha kumfikisha daktari kwenye ugonjwa uliokuja kuthibitishwa. Vipimo vimeendelea sana tangu hapo, lakini hata leo kipimo huagizwa kutokana na maneno ya mgonjwa.

Hebu tuyatazame maneno hayo. “Homa” kwa mmoja ni joto la mwili. Kwa mwingine ni mafua. “Kichomi” ni maumivu ya ubavuni, na pia ni ugonjwa wa mapafu. Mtu wa pwani akilalamika kwamba roho yamwenda mbio, huenda anauzungumzia moyo. Daktari asiyeuliza swali la pili huandika neno moja la Kiingereza, na utata wote ukazikwa ndani ya faili.

Yamkini atatokea wa kudai kwamba madaktari wengi Wakenya walisoma Kiswahili hadi kidato cha nne. Ni kweli. Hata hivyo, kuandika insha si sawa na kumweleza mama kwamba figo za mwanawe zimeshindwa kufanya kazi na kwa nini damu yake lazima isafishwe kwa mashine. Mwingine atasema kwamba wapo wagonjwa wasiokijua Kiswahili. Hao wanastahili wakalimani, na haki yao haiwanyimi haki wale wanaokitumia.

Isitoshe, Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi sawia na Kiingereza. Nayo Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa.

Kwa hivyo, napendekeza kwamba mtihani wa vitendo wa ubingwa uwe na sehemu ya Kiswahili: mtahiniwa amhoji mgonjwa, amfafanulie ugonjwa na matumizi ya dawa, kisha atathminiwe na daktari akishirikiana na mwalimu wa Kiswahili.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna deni. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Istilahi za wataalamu tumepewa. Maneno ya wagonjwa wa Kisumu, Lamu na Kitui bado yanahitaji kukusanywa na kufafanuliwa. Tasnifu chache kati ya zile tunazoandika kila mwaka zingeelekezwa huko, daktari angekuwa na cha kusoma kabla ya kuingia wodini.