Rozela si dawa ya presha ya shosho wako

Wasee, wiki hii nimekataa pesa. Na mnajua tangu niache kampasi mimi hukatai pesa ovyo, juu kodi hailipwi na laiki.

Kuna jamaa anauza rozela kavu, ile Watanzania wanaita choya. Alitaka niseme kwa video kwamba ukiinywa siku 14 unatupa tembe za presha. Zii.

Kwanza aliziita "maua". Si maua. Ni kile kikombe chekundu kinachoshika ua. Ua likianguka kinanona, kinafunika mbegu, na hicho ndicho tunakausha. Sudan wanaita karkade, Senegal bissap, Nigeria zobo. Ni kinywaji, basi. Chemsha na tangawizi, iache ipoe, weka sukari juu bila hiyo utakunja uso. Majani yake ni mboga, shina linatoa nyuzi za kamba. Mmea una kazi za kutosha, mbona tuuongezee ya hospitali?

Ndiyo, utafiti umeonyesha inaweza kushusha presha kiasi. Kiasi. Ukiwa kwa tembe, muulize daktari kabla ya kuzichanganya. Ukiziacha, rozela haitakubeba.

Shosho yangu aliacha zake mwezi mzima sababu ya video ya mtu kama mimi. Tulimpata jikoni, mdomo umeenda upande, jagi nyekundu mezani. Sasa anaongea polepole, na bado ananiuliza kama nimekula.

Jana jamaa ameongeza dau mara mbili. Bado ni zii.