Namanga: Mji Mmoja, Ramani Mbili



Kila Ijumaa sisi wahandisi na mafundi wachache, Watanzania na Wakenya, hukutana katika chumba cha ghorofani hapa Najma, tukanywa chai na kubishana. Ubishi wa majuzi ulianzia kwenye nyumba. Mwenzetu anajenga katika mji mmoja wa mpakani kwa jasho la huku. Alipoomba ramani ya mtaa wake, ofisi ilimpa karatasi iliyochorwa hadi kwenye mstari wa mpaka. Ng'ambo yake, weupe mtupu. Kumbe ng'ambo hiyo, hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake, pana machinjio, na maji yake machafu yanamjia yeye. Aliporudi kulalamika akaambiwa hayo si ya ofisi hiyo.

Tuchukue Namanga, ambayo wengi wenu mmeipita kwa basi baina ya Arusha na Nairobi. Upande mmoja ni Kaunti ya Kajiado, upande wa pili Wilaya ya Longido. Wateja ni wale wale, na ndugu ni wale wale. Desemba 2018 Marais Magufuli na Kenyatta walizindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, nasi tunakipongeza. Lakini hapo lori limepata zaidi kuliko mji! Maofisa wa forodha wa nchi mbili wanakaa jengo moja, ilhali mpango wa stendi, dampo na mitaro kila upande una sheria yake na mchoro wake. Sisi tuliosomea mitaro tunajua kwamba maji hufuata mteremko. Mtaro ukiishia mpakani, maji yanaendelea hadi sebuleni kwa mtu.

Na si Namanga tu. Mto Umba huanzia milima ya Usambara, Tanzania, ukaingia baharini karibu na Vanga, Kenya, na ukifurika ni Vanga inayolia. Mpango wa Vanga usioanzia Usambara ni mpango gani?

Tunaambiwa eti mpaka ni mambo ya wizara na usalama wa taifa. Hatukubali. Hakuna anayetaka kusogeza nguzo hata moja. Sisi wa umri huu tunakumbuka mpaka wa Kenya na Tanzania ulivyofungwa toka 1977 hadi 1983, na hapa Qatar tuliona njia ya Saudia ikifungwa Juni 2017 mpaka Januari 2021. Nguvu ya serikali kuu tunaijua. Ila serikali kuu haizoi taka za sokoni. Sheria ya Kenya ya 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inatambua mpango wa pamoja wa kaunti zaidi ya moja. Kajiado ikiweza kukaa na kaunti jirani, kwa nini isikae na Longido, walau kwa habari ya mtaro na dampo?

Na vyuo vikuu je? Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kinafundisha mipango miji, na Chuo Kikuu cha Nairobi vilevile. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo Kampala. Hata vipimo si kisingizio: ramani za zamani za nchi zote mbili zimejengwa juu ya msingi mmoja, Arc 1960. Yaani wapima ardhi wa mkoloni (tusione haya kusema) walishirikiana kuliko sisi. Basel ya Uswisi imevusha tramu namba 8 hadi Weil am Rhein, Ujerumani, mwaka 2014, na namba 3 hadi Saint-Louis, Ufaransa, mwaka 2017, na Uswisi wala haimo katika Umoja wa Ulaya. Sisi tuna mkataba wa Jumuiya tangu 1999.

Tunataka vyuo hivyo viwili viwapeleke wanafunzi Namanga pamoja, muhula mmoja, waupime mji wote kama mji mmoja. Kajiado na Longido zifungue majalada ya viwanja, na zikubali kwa maandishi kwamba mchoro utafikishwa kwa madiwani wa pande zote mbili, usiozee kabatini na tasnifu nyingine. Sisi wa Najma tumekubaliana kuchangia nauli na kukagua michoro ya mitaro bila malipo.

Nanyi wenye viwanja mpakani, mlioko Muscat, London au Minneapolis, kabla ya kutuma fedha za msingi ulizeni kuna nini ng'ambo ya mstari. Mkionyeshwa karatasi nyeupe, tuandikieni.